Mtandao wa neva unaita bariamu-133 iodini-131: tatizo ni data au ni umbo la mtandao?

Mpima_Miale

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa jambo ambalo limenikwamisha.

Nina kigunduzi cha kioo cha sodiamu iodidi, silinda ya inchi 2 kwa inchi 2, na kichanganuzi cha chaneli 1024 (visanduku vinavyohesabu miale kwa kufuata nishati yake) nilichokipanga kifike takriban keV 3000 (keV ni kipimo cha nishati ya mwale). Kila chaneli moja kwa hiyo inabeba karibu keV 2.9. Ninachotaka ni kutambua isotopu moja kwa moja kutoka kwenye spektra ya miale ya gama, bila mtu kukaa akisoma kilele kimoja kimoja. Nimejenga mtandao wa neva bandia wa kawaida kabisa: chaneli zote 1024 zinaingia kama zilivyo, zinapita tabaka mbili za kati zenye neva 256 na 64, kisha yanatoka majibu 12, kila isotopu na lake, kupitia softmaksi, hatua inayoyageuza majibu kuwa namba zinazojumlika kuwa moja. Data za mafunzo nimezitengeneza kwa uigaji wa Geant4 (programu ya kuiga mwendo wa miale ndani ya kigunduzi), maelfu ya spektra kwa kila isotopu, zote zikiwa na hesabu nyingi ili vilele vionekane vizuri.

Nikiupima kwa spektra za kuigwa ambazo haukuziona wakati wa mafunzo, unapata zaidi ya asilimia 99. Nikileta vipimo halisi, seziamu-137 inatambulika, kobalti-60 inatambulika. Shida ni bariamu-133. Mchana, muda uleule niliofanyia kalibresheni, mtandao unasema bariamu. Asubuhi chumba kikiwa bado na baridi, chanzo kilekile, mahali palepale, unasema iodini-131, tena kwa uhakika wa 0.97. Nikifungua spektra na kutazama kwa macho, kilele kikubwa kimepanda chaneli mbili hivi, basi. Umbo lake halijabadilika.

Kinachoniumiza si kukosea kwenyewe. Kinachoniumiza ni ile 0.97. Mtu akiwa na kifaa hiki mkononi na akaambiwa iodini kwa uhakika wa namna hiyo, atachukua hatua kana kwamba ni iodini. Nimeshauriwa niongeze tabaka, mwingine kaniambia nihamie mtandao wa konvolusheni, unaopitisha vichujio vidogo juu ya spektra nzima. Kabla sijaanza upya, nauliza: tatizo liko wapi hasa?

Fundi_Germani

Mkuu, jibu fupi ni kubadilisha kigunduzi. Kigunduzi cha germani safi kina upana wa kilele wa takriban keV 2 kwenye mstari wa kobalti (nishati maalumu inayotolewa na isotopu) wa keV 1332, na chini zaidi kwenye nishati ndogo. Kati ya 356 ya bariamu na 364.5 ya iodini kuna nafasi ya kutosha kabisa, huhitaji mtandao wa neva, programu ya kutafuta vilele inamaliza kazi.

Najua lakini kwamba germani lazima ipoozwe sana ndipo ifanye kazi, na si kila kazi inaruhusu hilo. Na hata germani ina mipaka. Radiamu-226 ina mstari kwenye 186.2, urani-235 ina wake kwenye 185.7. Hapo hakuna kigunduzi cha kawaida kitakachokutenganishia. Inabidi utafute mistari mingine, kama 143.8 na 205.3 za urani, au 352 na 609 za vizazi vya radiamu. Nalisema hili kwa sababu naona watu wengi wanatarajia mtandao wa neva uone kitu ambacho kigunduzi hakikukiandika.

MzeeKilele

Ndugu Mpima_Miale, usiongeze tabaka hata moja. Mtandao wako unafanya kile ulichoufundisha. Umeufundisha kwamba kilele kikikaa chaneli ya 124 ni iodini, na katika uigaji wako kigunduzi hakijawahi kupata baridi.

Tupige hesabu kidogo, maana humo ndimo jibu lilimo. Ukigawanya 364.5 kwa 356.0 unapata 1.024. Mtu angesema basi, kigunduzi lazima kiyumbe kwa asilimia 2.4 ndipo bariamu ifanane na iodini. Hapana, ni kidogo kuliko hapo. Sodiamu iodidi ina upana wa takriban asilimia 7 kwenye keV 662, na ukishuka hadi 356 upana unakuwa kama asilimia 9, yaani keV 30 na kitu. Sasa bariamu ina mstari mwingine kwenye keV 384. Katika kila viini 100 vinavyooza, 62 vinatoa fotoni ya 356 na 9 vinatoa ya 384. Kioo chako hakiwezi kuitenga mistari hiyo miwili. Inaungana na kuwa kilele kimoja, na ile 384 inakivuta kitovu chake juu hadi karibu na 359. Kutoka 359 kwenda 364.5 ni asilimia 1.5 tu, na kwa mpangilio wako hizo ni chaneli mbili. Ndizo ulizoziona asubuhi. Mwanga wa kioo na ukuzaji wa fotomaltiplaya (bomba linaloukuza mwanga huo kuwa ishara ya umeme) vyote vinafuata joto. Nyuzi chache zinatosha kabisa kuleta mhamo wa asilimia moja na nusu.

Sasa iweke spektra ya bariamu mbele yako uitazame taratibu. Kushoto kabisa, kwenye 81, kuna kilele kirefu, fotoni 33 kwa kila viini 100. Ukija kulia unakuta kilele kikubwa, lakini ubavu wake wa kushoto haushuki moja kwa moja: una bega, kwa sababu ya mstari wa 303 wenye fotoni 18, na chini yake 276 yenye 7. Iodini haina bega la namna hiyo. Ina kivimbe kidogo tu kwenye 284, fotoni 6. Kwenye 80 ina chini ya 3. Halafu mbele huko, kwenye 637, ina kilele chake kidogo, fotoni 7, mahali ambapo bariamu haina kitu kabisa. Mtu aliyezoea spektra hizi hawezi kuzichanganya hata ukimfichia mizani ya nishati, kwa sababu anatazama bega, anatazama 81, anatazama kama 637 ipo au haipo.

Mtandao wako haukujifunza bega kwa sababu haukulihitaji. Katika data zako mahali pa kilele kikubwa peke yake palitosha kutoa jibu sahihi kila mara, na mafunzo yakishapata njia rahisi inayopunguza kosa, hayana sababu ya kuhangaika na nyingine. Iharibu hiyo njia rahisi. Ukishauonyesha mtandao bariamu ambayo kilele chake mara kiko chaneli 118, mara 128, na iodini vilevile, mahali pa kilele hapatausaidia tena na utalazimika kutazama umbo zima. Hilo ndilo unalolitaka.

Namna ya kufanya haihitaji kuendesha Geant4 upya. Uigaji unakupa nishati iliyoachwa ndani ya kioo, kabla ya kutawanywa na upana wa kigunduzi. Hifadhi hiyo. Kisha kila unapolisha mtandao kundi la mifano, itengeneze palepale: zidisha mhimili wa nishati kwa namba ya nasibu kati ya 0.95 na 1.05, ongeza mhamo mdogo wa sifuri, badilisha upana kidogo kwa juu na chini ya ule uliopima, changanya na mnururisho wa mazingira kwa uwiano wa nasibu, na mwisho kabisa chora hesabu ya kila chaneli kwa mgawanyo wa Poisson, yaani kuyumba kwa nasibu kunakotokea mtu anapohesabu miale. Spektra ileile ya awali isiingie mara mbili ikiwa na sura moja. Usisahau pia kwamba mwanga wa sodiamu iodidi hauendi sambamba kabisa na nishati, kwa hiyo mpinde mdogo kwenye mhimili nao uwemo.

Kuhusu konvolusheni: ni nzuri kwa kunasa maumbo madogo kama vilele na mabega, na mimi ningeijaribu baadaye. Ila angalia usimalizie kwa kukusanya kila kitu kuwa wastani mmoja. Ukifanya hivyo mtandao unajua kuna kilele lakini umesahau kiko wapi, na katika spektra mahali ni nusu ya jibu.

Watu walishaanza kulisha spektra nzima kwenye mitandao ya neva mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mitandao midogo kuliko huu wako. Ukubwa wa mtandao haukuwa kikwazo wakati ule, na kwako pia si kikwazo.

Jambo la mwisho, ambalo si la mtandao. Iodini-131 ina nusu uhai wa siku 8, bariamu-133 wa miaka 10 na nusu. Chanzo kilichokaa kabatini miezi mitatu hakiwezi kuwa iodini, kwa sababu nusu uhai 11 zimeshapita na imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu mbili. Maarifa ya namna hii usiyafiche ndani ya mafunzo. Yaweke nje, yasomwe na mtu pamoja na jibu la mtandao.

DadaTakwimu

Naunga mkono alichosema Mzee Kilele, naongeza yangu upande wa hesabu.

Kwanza, umesema spektra zako za mafunzo zote zina hesabu nyingi. Hapo pana hatari nyingine inayokusubiri. Kipimo kifupi cha chanzo dhaifu kinaweza kuwa na hesabu 2000 kwa jumla. Zigawe kwa chaneli 1024 unapata wastani wa mbili kwa chaneli, na sehemu ya juu ya spektra inakuwa sifuri na moja tu, zimetapakaa. Spektra hiyo haifanani hata kidogo na ile laini uliyoufundishia mtandao. Wakati wa mafunzo chagua jumla ya hesabu kwa nasibu kwenye mizani ya logi, kuanzia mia chache hadi laki moja, ili mtandao uone zile chache mara nyingi kama unavyoona zile nyingi. Na kabla ya kuingiza, chukua kipeuo cha pili cha kila chaneli. Hesabu za Poisson zenye wastani 100 zinayumba kwa 10, zenye wastani 10,000 zinayumba kwa 100. Ukishachukua kipeuo cha pili, kuyumba kunakuwa karibu sawa kila mahali, na vilele vidogo vya nishati kubwa havimezwi na mlima wa upande wa kushoto.

Pili, softmaksi. Inalazimisha majibu yote 12 yajumlike kuwa moja, kwa hiyo hata ukiweka kitu ambacho hakimo kwenye orodha, lazima mmoja ashinde. Hiyo 0.97 yako haimaanishi kwamba mara 97 kati ya 100 ni iodini. Inamaanisha tu kwamba kati ya majirani 12 uliowataja, iodini iko karibu zaidi. Jaribu kuuonyesha sodiamu-22, yenye 511 na 1274.5, kama haimo kwenye orodha yako. Nina hakika utapata jina fulani kwa uhakika mkubwa. Ningeshauri utumie sigmoidi kwa kila isotopu, yaani kila moja ipate namba yake kati ya 0 na 1 bila kutegemea nyingine, ili michanganyiko iruhusiwe na jibu la "hakuna" pia liruhusiwe. Au bora zaidi, mtandao utoe uwiano wa kila isotopu, kisha wewe uijenge upya spektra kutoka kwenye uwiano huo na violezo vyako (spektra za mfano za kila isotopu), uilinganishe na iliyopimwa chaneli kwa chaneli. Tofauti ikizidi kile ambacho Poisson inaruhusu, kifaa kiseme hakitambui.

Tatu, naomba usiache kulinganisha na njia ya zamani: kupatanisha violezo kwa miraba midogo kabisa (kutafuta mchanganyiko wenye jumla ndogo kabisa ya miraba ya tofauti na spektra iliyopimwa), kwa sharti kwamba hakuna isotopu yenye kiasi hasi. Ni mistari michache ya programu. Kama mtandao wako hauishindi njia hiyo kwenye vipimo halisi, basi bado hujapata sababu ya kuutumia. Na vipimo halisi vya kupimia viwe vya siku nyingine, ikiwezekana hata vya kigunduzi kingine. Ukikata vipimo vya siku moja nusu ya kufunzia nusu ya kupimia, mtandao utakariri hali ya siku hiyo na wewe utafurahia alama zisizo zako.

Mpima_Miale

Mzee Kilele, shikamoo, na ahsante sana. Dada Takwimu, ahsante. Nimerudi na majibu.

Nimefanya kama mlivyosema: nishati ya Geant4 nimeihifadhi bila upana, mhimili unanyooka na kusinyaa kwa asilimia 5 kila upande, mnururisho wa mazingira ni wangu halisi niliouacha ujikusanye usiku kucha, Poisson mwishoni, kipeuo cha pili kabla ya kuingia, sigmoidi badala ya softmaksi. Tabaka sijazigusa, ni zilezile mbili. Bariamu sasa inatambulika asubuhi na mchana. Nilichofurahia zaidi ni kwamba nilijaribu kufuta chaneli za 81 kwenye spektra moja nikaona uhakika unashuka, nikafuta za 303 ukashuka tena. Kabla ya hapo ningeweza kufuta zote mbili na mtandao usishtuke. Kweli sasa unatazama bega.

Njia ya violezo niliijaribu kwa haki. Mchana, kalibresheni ikiwa sawa, inafanya vizuri kama mtandao, na kwa michanganyiko ya isotopu mbili imenipa uwiano bora zaidi. Asubuhi inaanguka: kilele kikihama chaneli mbili, inajaza pengo kwa kuchanganya bariamu na iodini, kila moja kidogo. Hapo mtandao unaishinda waziwazi.

Limebaki moja. Nikiweka bamba la risasi la milimita 2 mbele ya bariamu, mtandao unanipa bariamu 0.55 na iodini 0.48. Nimeongeza mifano yenye risasi kwenye mafunzo lakini haipandi sana. Je, niendelee kuongeza data, au nimefika mwisho?

MzeeKilele

Marahaba, ndugu yangu. Jaribio la kufuta chaneli ni zuri mno, lifanye kwa kila isotopu kwenye orodha yako. Litakuonyesha mtandao unaegemea wapi kabla hujauamini mahali pengine.

Kuhusu risasi, tazama bamba linafanya nini. Milimita 2 za risasi zinazuia karibu miale yote ya 81. Inayopita haifiki asilimia moja. Ile ya 356 inapita takriban nusu, na ya 303 inapita pungufu ya hapo, kwa hiyo hata bega linanyauka likilinganishwa na kilele. Halafu risasi yenyewe inaongeza miale yake ya eksirei karibu na keV 75, mahali ambapo kioo chako hakiwezi kuitenga na 80. Yaani umeondoa ushahidi wa bariamu na kuweka kitu kinachoiga ushahidi wa zote mbili.

Kilichobaki ni 637. Miale hiyo inapita risasi vizuri kuliko 364, kwa hiyo kama chanzo ni iodini, nyuma ya bamba ile 637 ingeonekana kwa uwiano mkubwa zaidi kuliko bila bamba. Isipoonekana, ni bariamu. Lakini ili useme haionekani unahitaji hesabu za kutosha. Kilele kikuu kikiwa na hesabu 300, 637 ya iodini ingekuwa na dazeni moja hivi juu ya mnururisho wa mazingira, nayo inapotea kirahisi. Kikiwa na elfu kadhaa, huwezi kuikosa.

Kwa hiyo chora grafu hii: uhakika wa mtandao dhidi ya muda wa kupima, bamba likiwa mahali pake. Kama 0.55 inapanda kadiri unavyopima kwa muda mrefu, mtandao uko sawa na ulikuwa unakuambia ukweli: hesabu hazitoshi. Kama haipandi hata kwa kipimo cha saa nzima, basi haujajifunza kutazama 637, na hapo ndipo data zako za mafunzo zenye risasi zinahitaji kurekebishwa, hasa upande wa iodini.

DadaTakwimu

Na kwenye skrini ya kifaa, 0.55 na 0.48 usizigeuze kuwa jina moja. Andika "bariamu-133 au iodini-131, pima tena kwa muda mrefu zaidi". Weka kizingiti chako kwa kutumia vipimo halisi vya siku tofauti, na uhakikishe kwamba katika majibu yote ambayo mtandao umetoa karibu na 0.9, kweli tisa kati ya kumi ni sahihi. Kama si hivyo, zile namba zirekebishwe kwanza kabla hujampa mtu azisome.

Mpima_Miale

Nimeelewa. Bamba liko mahali pake na kipimo kirefu kimeanza sasa hivi. Kesho asubuhi nitawawekea grafu, pamoja na joto la chumba kwa kila saa.